Mihuri Saba ya Nezasa

Kila mwaka, mwezi wa kumi na moja, Kuwabara Setsuo aliandika upya wasifu wa mji wa Minekawa, na kila mwaka hakuandika lolote jipya. Alifungua waraka wa mwaka uliopita, akapunguza idadi ya watu, akapunguza idadi ya shule, akaongeza idadi ya wazee, kisha sentensi ya mwanzo akaiacha kama ilivyo: "Minekawa ni mji mdogo uliokumbatiwa na milima, wenye maji safi na watu wakarimu." Sentensi hiyo aliitunga yeye mwenyewe akiwa na miaka thelathini na mmoja, siku hizo ana nywele na bado anaiamini. Sasa alikuwa na miaka hamsini na tisa, na ungemuuliza kuhusu milima ile angekwambia haikumbatii, inabana.

Huu ulikuwa wasifu wake wa mwisho. Mwezi wa tatu angestaafu, angepewa shada la maua na makofi ya dakika nzima, kisha meza yake ingewekwa mashine ya kunakili, maana kijana wa kuikalia hakuwepo. Hilo halikumuuma. Setsuo alikuwa amechoka, na si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Kila Jumamosi, kuanzia theluji ya kwanza mpaka ya mwisho, aliendesha gari dakika arobaini kupanda Nezasa, kijiji cha juu kabisa katika mipaka ya mji, alikozaliwa. Huko alipanda juu ya paa la nyumba ya mama yake akaisukuma theluji chini kwa koleo, ili uzito wake usiivunje nyumba. Jumapili alilala kifudifudi hoi bin taabani, mkewe Yasuyo akimbandika plasta za maumivu mgongoni. Jumatatu alikuwa ofisini. Ilikuwa miaka kumi na miwili ya hivyo, tangu baba yake afariki. Kila vuli alimwomba mama yake, Tomie, ateremke wakakae wote mjini, na kila vuli mama alisema atalifikiria, kwa sauti ileile ambayo Setsuo huitumia kuwaambia wananchi kwamba ombi lao limepokelewa.

Mkuu wake wa idara, Bi Ishigami Chizuru, alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na minane, mwanamke wa maneno machache asiyependa kuzungukazunguka. Jumatano moja alikuja mezani kwa Setsuo na bunda la karatasi. Alimweleza kwamba madereva wa magari ya kusukuma theluji walikuwa wamebaki watatu, na kwamba mmoja wao, Hosoda, nusura atumbukie bondeni Februari iliyopita. Mwaka huu kanuni itafuatwa bila huruma: kijiji chenye kaya chini ya tano zinazokaa msimu wa theluji, barabara yake itafungwa kuanzia tarehe kumi na tano Desemba hadi mwisho wa Machi. Kwa hiyo jedwali la vijiji, lile la ukurasa wa tisa wa wasifu, lazima liwe la kweli.

"Siyo kwamba nasema la zamani lilikuwa la uongo, Bwana Kuwabara," alisema. "Nasema tu, ukiandika saba, ziwe saba."

Karatasi zenyewe zilitoka kwenye ubao wa mtaa, ule unaopita nyumba hadi nyumba na matangazo ya ofisi yakiwa yamebanwa juu yake. Kila nyumba husoma, hugonga muhuri wake wenye jina la ukoo, kisha hupeleka ubao kwa jirani. Kila Oktoba ubao hubeba swali moja, "Je, nyumba hii itakuwa na mtu msimu wa theluji?", na chini yake mstari wa visanduku, kila ukoo na chake. Miaka yote karatasi hizo ziliishia idara ya barabara, Setsuo akiletewa jumla peke yake. Nezasa: kaya saba. Alikuwa ameandika saba mwaka jana na saba mwaka juzi.

Na hapa niseme ukweli, kwa sababu Setsuo mwenyewe alikawia kujiambia. Alikuwa akipita mbele ya nyumba hizo kila Jumamosi. Aliziona mbao za madirisha zimefungwa. Alijua familia ya Ogiwara ilihamia kwa binti yao Nagoya, alijua mzee Mizoguchi yuko kwenye nyumba ya kulelea wazee, na wa mwisho kuteremka, mama Hanaoka, ndiye ambaye Setsuo mwenyewe alimsaidia kubeba kabati, miaka minne iliyopita. Lakini Jumatatu alipofika ofisini na kuletewa saba, aliandika saba. Mtu wa ofisi akishaona muhuri, macho yake hupumzika. Alijiambia labda wenyewe waligonga kwa barua, labda wana mpango wa kurudi, labda kuna jambo ambalo idara ya barabara inalijua. Barabara ikasafishwa, gari lake likapanda, mama yake akapata mchele na mafuta ya taa. Ukimya huo ulimfaa.

Sasa karatasi yenyewe ilikuwa mbele yake. Ogiwara, Shimojo, Takezawa, Mizoguchi, Hanaoka, Nishiwaki, na mwisho kabisa kulia, Kuwabara, maana nyumba yao ndiyo ya juu kupita zote. Mihuri saba myekundu. Na yote saba imeinama upande wa kulia, kwa kiasi kilekile.

Mtu mwingine asingeliona hilo. Lakini katika ofisi ya Minekawa visanduku vya mihuri hupangwa mkubwa kushoto, mdogo kulia, na aliye mdogo huulaza muhuri wake kidogo kushoto, ili jina lake lionekane linamwinamia mkubwa. Hakuna kanuni iliyoandika hivyo, na hakuna asiyefanya. Bi Ishigami aliliona jambo la kipuuzi na aliwaambia wote waache, nao wakaitikia wote na wakaendelea wote. Setsuo alikuwa ameinamisha mihuri kwa miaka thelathini na saba. Angeweza kutazama waraka akakwambia nani kagombana na nani, nani anataka uhamisho, nani aligonga akiwa na haraka ya kwenda chooni. Hakuwahi kuona muhuri unaoinama kulia. Kulia ni kumwinamia mdogo wako, au ukuta.

Alimjua mtu mmoja tu ambaye mkono wake hauwezi kugonga namna nyingine. Miaka minane nyuma mama yake alianguka kwenye ngazi ya paa, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika, kikaunga kombo. Tangu hapo hata bakuli la supu hulishika limeinama.

Akasema atakwenda kuhakiki Jumamosi. Bi Ishigami akamshukuru na kuondoka.

Jumamosi alisimama kwanza kwenye banda la magari ya theluji, pale barabara ya Nezasa inapoachana na ya mto. Hosoda Kanji alikuwa amelala chini ya gari lake la manjano, miguu nje, akipaka grisi. Walisoma pamoja shule ya msingi ya Nezasa, Hosoda akimtangulia madarasa matatu, shule ambayo sasa ni ghala la uyoga. Alijikokota kutoka chini ya gari kwa vituo, kwanza kiwiko, kisha goti, kisha mapumziko.

"Unakwenda kwa mama," alisema.

"Nakwenda kikazi."

"Kikazi, Jumamosi, na viatu vya shamba. Haya bwana."

Setsuo akamuuliza msimu uliopita aliona moshi kwenye nyumba ngapi kule juu. Hosoda alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Unaniuliza mimi? Si wewe ndiye mwandishi wa kitabu."

"Nakuuliza, kaka."

"Moshi mmoja. Kila siku moshi mmoja tu. Ila hautoki nyumba moja. Leo unatoka kwa Shimojo, kesho kwa Takezawa, keshokutwa kwa Mizoguchi. Mwaka wa kwanza nilidhani naumwa, nikaenda kupima macho."

Setsuo akataka kujua kwa nini hakusema. Hosoda alisema angemwambia nani, na kwa faida gani. Bibi yule humngoja mwisho wa barabara na chai na mboga za chumvi, huinama mpaka kilemba chake kinagusa theluji, humwita "mwanangu dereva". Mtu hawezi kutoka hapo akaenda kuripoti.

"Lakini nikwambie, mdogo wangu," alisema, na sasa hakuwa akitania. "Ile Februari tairi la nyuma lilitoka nje kabisa, likawa linaning'inia. Nilikaa ndani saa nzima naogopa hata kukohoa. Nina miaka sitini na miwili, mgongo umekwisha. Simlaumu mtu. Nimekwambia tu."

Kisha akarudi chini ya gari, kiwiko, goti, mapumziko. Setsuo aliiona miguu yake imetulia na akajua mwenyewe hafanyi kazi yoyote kule chini, amelala tu.

Barabara ilikuwa kavu bado, majani ya manjano yamejaa mifereji. Njia nzima alijipanga atakavyosema. Alikuwa na hasira, na alikuwa pia na kitu kingine ambacho hakutaka kukitazama: alikuwa na furaha. Furaha ndogo, ya mtu aliyeona mlango wa kutokea. Ukweli ukiandikwa, barabara inafungwa. Barabara ikifungwa, mama lazima ateremke. Mama akiteremka, hakuna paa tena. Na hakuna atakayesema mwana kamng'oa mama yake, kwa kuwa ni kanuni. Alijionea aibu, lakini furaha yenyewe haikuondoka.

Tomie alikuwa kwenye veranda, amezungukwa na mboga zilizooshwa, anazipanga ndani ya pipa, safu ya majani, safu ya chumvi. Alikuwa na miaka themanini na sita na alikuwa mdogo wa umbo kuliko mwaka jana. Chini ya upenu matunda ya mti wa kaki yaliyomenywa yalining'inia kwenye kamba yakauke. Setsuo hakukaa. Alimwonyesha karatasi.

"Mama, hii mihuri nani kagonga?"

"Mimi," alisema Tomie. "Nipe hilo jiwe la kukandamizia."

Akampa jiwe. Akamuuliza tena, yote saba? Mama akasema yote saba, kwani kuna mwingine hapa wa kugonga? Kila aliyeondoka alimwachia muhuri wake. Mama Hanaoka alilia siku hiyo, akamwambia, nisaidie ubao usiruke mlango wangu. Tomie alifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na kifuko kilichoshonwa kwa kitambaa cha kimono kuukuu, akakitikisa. Mihuri ikagongana ndani.

"Swali linasema, je, nyumba itakuwa na mtu," Setsuo alisema. "Mama, hazina watu."

"Nyumba zina mtu. Mimi."

"Mama."

"Usinimame. Jumapili nakaa kwa Ogiwara. Jumatatu kwa Shimojo, Jumanne kwa Takezawa, Jumatano kwa Mizoguchi, Alhamisi kwa Hanaoka, Ijumaa kwa Nishiwaki. Nafungua madirisha, nawasha jiko, nakunywa chai yangu, nafagia. Nyumba isipopumua mikeka inaoza. Sikuandika uongo hata neno."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi niko hapa," alisema mama yake, "kwa sababu unakuja wewe."

Setsuo akaketi sasa, kwenye ukingo wa veranda, bila kuvua viatu. Kipaza sauti cha mji, kilichofungwa juu ya nguzo karibu na kisima, kikapiga wimbo wa saa sita mchana. Kiliwaimbia wakazi wote wa Nezasa, yaani mama yake. Ulipokwisha alimweleza habari za Hosoda, tairi, bonde, na ile saa nzima ya kutokukohoa.

Tomie aliacha kupanga mboga. Alikuwa hajui. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo, na Setsuo, aliyekuja na hotuba nzima, hakupenda kuuona.

"Hakuniambia," alisema. "Amekunywa chai yangu hapo, hakuniambia."

"Angekwambiaje, nawe umemwinamia mpaka chini?"

Mama akachukua jani moja la mboga, akalinyoosha, akaliweka. Akauliza kama mwaka huu Hosoda hatapanda tena, Setsuo akasema hatapanda. Akauliza kama yeye ndiye atakayeandika, Setsuo akasema ndiyo, ukurasa wa tisa, kaya moja.

"Na wewe umechoka," mama yake alisema.

Kila mwaka alipoulizwa hivyo alijibu hapana. Hili ndilo jibu la mtoto, kila mtoto wa Nezasa analijua.

"Nimechoka, Mama. Nimechoka sana."

"Basi niambie. Kilichokuleta leo ni Hosoda au ni kuchoka kwako?"

Setsuo alitazama viatu vyake. Angeweza kusema Hosoda, na lingekuwa jibu zuri.

"Vyote viwili. Kuchoka ndiko kulikotangulia."

"Afadhali umesema," alisema Tomie, akaweka jiwe juu ya mboga.

Jumatatu aliandika: Nezasa, kaya moja, mtu mmoja. Bi Ishigami alisoma ukurasa, akainua macho, akauliza kwa sauti ya chini kama hapa si kwao. Setsuo akasema ni kwao. Bi Ishigami akagonga muhuri wake wima kabisa. Setsuo akagonga wake pembeni, umeinama kushoto kama kawaida. Sentensi ya kwanza ya wasifu aliiacha. Alijaribu kuibadilisha siku mbili, akaona hana nguvu ya kutunga mji mwingine.

Tangazo la kufungwa kwa barabara likachapwa. Bi Ishigami alisema hakuna haja ya kulipeleka Nezasa kwenye ubao, mama mwenyewe ana habari, apigiwe simu tu. Setsuo akapiga simu. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu kubwa, kama anaongea na ofisi, kwamba bila ubao yeye hajaambiwa, na Nezasa haijaambiwa. Ubao ulete.

Akaupeleka mwenyewe, Jumamosi ya tarehe kumi na tatu Desemba. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka, nyembamba, ya kufunika nyasi tu. Huko mjini Yasuyo alikuwa amekwisha kusafisha chumba cha mashariki na kununua blanketi jipya. Tomie alikuwa tayari amevaa koti lake la kutokea na kilemba safi, mizigo yake mitatu imepangwa mlangoni. Kifuko cha mihuri kilikuwa mkononi.

"Tuanzie chini, kwa Ogiwara," alisema. "Shika ubao. Ushike vizuri, usiubebe kama sinia."

Wakateremka mpaka nyumba ya kwanza. Tomie alisukuma mlango wa kuteleza, akainama, akaita ndani, "Samahani, ubao umefika," akangoja kidogo, kiasi cha mtu kutoka jikoni. Kisha akavua viatu akaingia. Setsuo alimfuata. Alidhani ataona vumbi. Aliona mkeka umefagiliwa, jiko limejazwa mafuta, mto mmoja wa kukalia, kikombe kimoja kimefunikwa kwa kitambaa. Ukutani palikuwa na kalenda, na kalenda ilikuwa ya mwezi huo huo. Tomie aliweka ubao mezani, akasoma tangazo lote kwa sauti, kuanzia namba ya waraka hadi jina la meya. Akatoa muhuri wa Ogiwara, akaupulizia pumzi, akagonga. Ulilala kulia. Kisha hakuurudisha kwenye kifuko. Alifungua mtoto wa meza ya mzee Ogiwara, akauweka humo, akafunga.

Ikawa hivyo nyumba zote. Kwa Shimojo kalenda ilikuwa ya mwezi huo. Kwa Takezawa pia, na kwenye kidirisha palikuwa na soksi alizokuwa akifuma, nusu. Kwa Mizoguchi alisimama kuomba radhi kwamba tangazo limechelewa. Setsuo alibeba ubao na kila nyumba ulizidi kumwelemea, ingawa ni kipande cha mbao na karatasi moja. Alifikiria majira yote ya baridi aliyopanda hapa akijihurumia, siku moja katika saba, huku mkono uliovunjika ukiwasha majiko mengine sita. Hakuwahi kumuuliza anafanya nini siku nyingine. Miaka kumi na miwili alimuuliza swali moja tu, utateremka lini.

Kwa Hanaoka mama yake alikaa kidogo zaidi. Aliufuta muhuri kwa kidole, akauweka kwenye mtoto wa meza, akafunga, akafungua tena, akautazama, akafunga. Kwa Nishiwaki alimaliza haraka. Kifuko kilikuwa kimekwisha, kimebaki kitambaa. Alikikunja akakitia mfukoni mwa koti.

Walipofika kwao Tomie alikuwa anahema. Akaketi kwenye ngazi ya mlangoni kando ya mizigo yake, akamwambia mwanawe aweke ubao hapo magotini mwake, kisha akausukuma kwake.

"Hiki cha mwisho gonga wewe."

"Mama, muhuri wa nyumba uko wapi? Nikuletee?"

"Uko kwenye mzigo. Siutaki." Alikuwa akitazama mbele, nyumba sita zilizoshuka na mteremko. "Wale sita waliondoka wenyewe. Mimi naondolewa. Anayeondoa ndiye agonge."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali ingekuwa rahisi. Setsuo aliingiza mkono ndani ya koti akatoa muhuri wake wa ofisini, wenye jina lilelile, Kuwabara, uliolika pembe kwa miaka thelathini na saba. Alipiga magoti kwenye theluji ile nyembamba. Kisanduku kilikuwa kulia kabisa, kitupu, na kushoto kwake yalijipanga majina sita. Mkono wake ulifanya kile unachokijua. Ukaulaza muhuri kushoto, ila safari hii ukaulaza sana, kuliko alivyowahi kumwinamia mkuu yeyote au meya yeyote, mpaka jina likakaribia kulala chini.

Tomie aliisogeza karatasi karibu na macho.

"Umeupinda," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Ndivyo mnavyofanya ofisini?"

"Kwa wakubwa."

Mama yake aliendelea kuitazama. Kidole cha mkono wake wenye kifundo kombo kilipita juu ya mstari, Ogiwara, Shimojo, Takezawa, Mizoguchi, Hanaoka, Nishiwaki, yote sita imelala kulia kama mkono wake ulivyoilaza, kikafika kwa Kuwabara aliyelala kushoto.

"Angalia," alisema. "Na wao wamekuinamia."

Setsuo alilia. Alilia palepale kwenye theluji, mzee wa kesho kutwa, muhuri mkononi na wino mwekundu kidoleni. Mama yake hakumbembeleza wala hakumkataza. Alimngoja amalize, akaiinua karatasi kidogo isishike unyevu, kisha akamwambia atangulize pipa la mboga garini, kwa kuwa ndilo zito.